Usanifishaji wa njia za michoro: jicho la mhakiki wa msimbo litue wapi

Ombi la mabadiliko linafika na maelezo mafupi: "Sanifisha njia kabla ya kuipeleka kwenye injini ya kuchora." Ukilifungua unakuta pembe za radiani, vipeuo vya pili, matriki, na namba 0.5522847 imekaa peke yake bila neno la kuielezea. Wahakiki wengi hapo hugawanyika makundi mawili. Kuna wanaoogopa hesabu wakaidhinisha haraka, na kuna wanaokesha wakizikokotoa fomula upya kwa kalamu na karatasi. Makundi yote mawili hupita kando ya mahali penye hatari. Fomula za kazi hii ni za siku nyingi, zinajulikana, na kwa kawaida zimenakiliwa bila kosa. Kinachoharibika ni kumbukumbu: yale ambayo msimbo unapaswa kuyabeba kutoka amri moja hadi inayofuata, na yale ambayo njia ilikuwa imeyabeba zaidi ya umbo lake.

Njia, katika michoro ya vekta, ni mfululizo wa amri kwa kalamu. SVG, umbizo la michoro ya vekta ambalo toleo lake la 1.1 lilipitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2003, ina herufi kumi za amri hizo. M huhamisha kalamu bila kuchora. L huchora mstari ulionyooka, H mstari wa mlalo, V wa wima. C na S ni mikunjo ya Bezier (mikunjo laini ambayo umbo lake huvutwa na nukta elekezi) ya daraja la tatu, Q na T ya daraja la pili, A ni tao la duaradufu, na Z hufunga. Herufi ikiwa kubwa, namba zake ni viwianishi kamili. Ikiwa ndogo, ni umbali kutoka pale kalamu ilipo sasa. Jumla ni herufi ishirini, ingawa Z kubwa na ndogo hufanya kazi ileile.

Injini za kuchora hazitaki aina zote hizo. PDF haina amri ya tao wala ya mkunjo wa daraja la pili, kwa hiyo anayeandika faili la PDF hana budi kugeuza kila kitu kiwe mstari au mkunjo wa daraja la tatu. Maktaba ya cairo nayo huhifadhi njia kwa amri nne tu: hamisha, mstari, mkunjo, funga. Kusanifisha, basi, ni kuchukua mfululizo wowote halali na kuuandika upya kwa M, L, C na Z pekee, zote kwa viwianishi kamili. Faida yake ni kubwa. Hatua zinazofuata, kama kukata mchoro kwenye mipaka, kupima urefu au kuunda mwendo kati ya maumbo mawili, zinashughulika na aina nne badala ya ishirini. Tena mikunjo ya Bezier ina tabia njema: ukiizungusha, ukiinyoosha au ukiigeuza kama kwenye kioo, inatosha kuzibadilisha nukta zake elekezi, na mkunjo unafuata wenyewe. Tao la A halina upole huo, maana ukiligeuza kwenye kioo inakubidi ukumbuke pia kupindua bendera yake ya mwelekeo, yaani ile 0 au 1 inayosema tao lizunguke upande gani.

Sasa tuje kwenye kumbukumbu. Msimbo wa kusanifisha unabeba vitu vitatu: nukta ilipo kalamu, nukta ilipoanzia njia ndogo ya sasa (sehemu ya njia inayoanza na M), na nukta elekezi ya mwisho. Hiki cha tatu ndicho chenye ujanja, kwa sababu haitoshi kukijua. Sharti ujue pia kilitokana na amri ya aina gani. S huchukua nukta elekezi iliyopita na kuigeuzia upande wa pili wa kalamu, lakini endapo tu amri iliyotangulia ilikuwa C au S. Ikitanguliwa na kitu kingine chochote, nukta yake elekezi ya kwanza ni pale pale kalamu ilipo. T nayo hufuata sheria hiyo kwa Q na T.

Chukua njia hii: M 20 60 q 30 -40 60 0 t 60 0. Ni wimbi dogo. Mkunjo wa kwanza unaanzia (20, 60), una nukta elekezi (50, 20), na unaishia (80, 60). T inageuza nukta elekezi hiyo kuizunguka (80, 60), tunapata (110, 100), na mkunjo wa pili unaishia (140, 60). Wimbi linapanda vizio 20, kisha linashuka vizio 20.

Kugeuza Q kuwa C hakuna ukadiriaji wowote. Matokeo ni sawa kabisa kihesabu. Nukta mbili mpya hukaa theluthi mbili ya umbali kutoka kila ncha kuelekea nukta elekezi ya zamani. Kwa mkunjo wetu wa kwanza ni (40, 33.33) na (60, 33.33). Hapo ndipo mtego ulipo. Mwandishi wa msimbo ameshatoa C, na kigeu cha "nukta elekezi ya mwisho" kimeshikilia (60, 33.33), nukta ya C aliyoitoa, badala ya (50, 20) ya Q aliyoisoma. T inapofika inageuza ile isiyo yake na kupata (100, 86.67). Wimbi sasa linapanda 20 na kushuka 13.33 tu.

Kosa hili lina sifa moja mbaya kuliko zote: halina kovu. Nukta (60, 33.33) iko juu ya mstari uleule unaounganisha (50, 20) na (80, 60), kwa hiyo mwelekeo wa mkunjo pale viungo vinapokutana haubadiliki hata kidogo. Mchoro unabaki laini. Hakuna pembe iliyovunjika wala mstari uliokatika. Ni wimbi lililochoka upande mmoja, na mtu asiyekuwa na mchoro wa awali mkononi hana sababu ya kulishuku.

Ndiyo maana ninapohakiki mabadiliko ya namna hii, fomula naziacha kwanza. Natafuta kila mahali ambapo kigeu cha nukta elekezi kinapewa thamani, kisha nauliza swali moja kwa kila tawi la msimbo: baada ya amri hii, kigeu hiki kina nini? M, L, H, V, A na Z zote zinapaswa kukifuta. Q inapaswa kuhifadhi nukta ya awali na kuweka alama kwamba ni ya daraja la pili, ili S ikifuata isiikope. Tawi moja likisahau, programu haitaanguka. Itachora tu kitu kingine.

Kitu cha pili, mwanzo wa njia ndogo, kina kisa chake. Tazama m 10 10 h 20 v 20 z m 40 0 h 20. Kabla ya z kalamu iko (30, 30). Z inapofunga, kalamu inarudi ilipoanzia, yaani (10, 10), na m inayofuata inapimwa kutoka hapo: njia ndogo ya pili inaanza (50, 10). Msimbo uliosahau kuirudisha kalamu utaianzisha (70, 30). Katika aikoni au umbo la herufi, njia ndogo ya pili mara nyingi ni tundu la ndani, kwa hiyo tundu linahama na kutokea nje ya mwili wake. Kosa hili linaweza kuishi muda mrefu kwa sababu moja ya kawaida sana: majaribio yaliyoandikwa na binadamu hupenda herufi kubwa, ilhali programu za kubana faili za SVG hupenda ndogo kwa kuwa zinaokoa herufi chache. Majaribio yanapita, watumiaji wanaumia.

Kuna pia njia inayoendelea baada ya Z bila M, kwa mfano Z L 0 40. Ni halali, njia ndogo mpya inaanza palepale ya zamani ilipoanzia. Kwa kuwa injini zinazopokea hazitendei hali hii kwa namna moja, msanifishaji mwangalifu huandika M yake wazi badala ya kuiacha idhaniwe. Na m ndogo ikiwa ya kwanza kabisa kwenye njia huhesabiwa kama M kubwa, na jozi za namba zinazoifuata bila herufi ni mistari. Hayo kwa kawaida mtu huyapata sawa.

Tao ndilo linalotisha, na kwa haki kidogo. SVG haitoi kitovu cha tao. Inatoa ncha zake, nusukipenyo mbili, pembe ya mwinamo na bendera mbili, kisha inakuachia kazi ya kutafuta kitovu. Kabla ya hesabu kuna sheria za kukagua kwa mpangilio wake. Ncha zikilingana, tao linaachwa. Nusukipenyo mojawapo ikiwa sifuri, linakuwa mstari ulionyooka. Nusukipenyo hasi inachukuliwa kuwa chanya. Na nusukipenyo zikiwa fupi mno kiasi cha kutozifikia ncha zote mbili, zinakuzwa kwa uwiano mmoja hadi zitoshe kwa shida. Mpangilio una maana: msimbo unaogawanya kwa nusukipenyo kabla ya kuuliza kama ni sifuri umeshachelewa.

Hali ya mwisho, ya nusukipenyo zilizokuzwa, ndiyo ninayoikagua kwa makini zaidi. Baada ya kukuza, namba iliyo chini ya kipeuo cha pili katika fomula ya kitovu inapaswa kuwa sifuri kamili. Kompyuta haina sifuri kamili hapo. Inaweza kupata hasi ndogo isiyo na maana, na kipeuo cha pili cha namba hasi ni NaN, alama ya kompyuta ya "si namba". NaN moja inatosha. Inaingia kwenye kitovu, kutoka kitovu inaingia kwenye nukta, kutoka nukta inaingia kwenye mipaka ya mchoro mzima, na umbo lote linatoweka kwenye skrini bila ujumbe wa kosa. Dawa ni kuikata namba hiyo isishuke chini ya sifuri. Dada yake ni acos, fankisheni inayotoa pembe kutoka kosaini yake: ikipewa 1.0000001 nayo inatoa NaN, na ndiyo sababu ya kuipendelea atan2, inayotoa pembe kutoka viwianishi viwili, katika kutafuta pembe.

Kitovu kikishapatikana, tao hukatwa vipande na kila kipande kuwa mkunjo wa daraja la tatu. Urefu wa mkono wa nukta elekezi ni 4/3 mara tanjenti ya robo ya pembe ya kipande, ukizidishwa kwa nusukipenyo. Kwa nyuzi 90 inatoka ile 0.5522847 iliyokaa peke yake. Tofauti na Q, huu ni ukadiriaji: Bezier ya daraja la tatu haiwezi kuwa duara kamili. Kwa kipande cha nyuzi 90 mkunjo huachana na duara kwa takriban asilimia 0.027 ya nusukipenyo. Kwa duara la nusukipenyo ya pikseli 100 hakuna atakayejua. Kwa la nusukipenyo ya pikseli 2,000 ni zaidi ya nusu pikseli, na hapo mduara mwembamba uliochorwa juu ya mwingine huanza kuonesha ukungu pembeni. Ukikipunguza kipande kiwe nyuzi 45, kosa linashuka mara 64 hivi. Mtu akikuletea "uboreshaji" unaotumia kipande kimoja kwa nyuzi 180, kosa linapanda hadi asilimia 1.8, na hilo hata macho ya kawaida yanaliona.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mwandishi ni hili: usanifishaji unafanyika kabla au baada ya kukuza mchoro? Duara la nusukipenyo 10 likisanifishwa kwanza kisha likakuzwa mara 200, kosa limekuzwa pamoja nalo. cairo hupima uvumilivu wake kwa vizio vya kifaa kinachochorewa, na kwa kawaida ni 0.1. Skia, maktaba nyingine ya kuchora, ilichagua njia nyingine: inahifadhi aina ya mkunjo wa daraja la pili wenye uzito, ambao unaweza kuwa duara kamili, na kwa hiyo haihitaji kukadiria mapema. Sisemi kila maktaba ifanye hivyo. Nasema jibu la swali hilo liwe limeandikwa mahali, kwa sababu atakayehamisha mwito wa fankisheni mistari kumi juu hatajua amebadilisha nini.

Idadi ya vipande nayo ina kijimtego. Pembe ikigawanywa kwa nyuzi 90 na kukuzwa hadi namba nzima inayofuata, robo duara inayopaswa kuwa kipande 1 inaweza kutoka vipande 2 kwa kuwa kompyuta ilipata 1.0000001. Msimbo wa WebKit, injini ya kivinjari, huongeza 0.001 kwenye kigawanyo kwa sababu hii hii, na maelezo yaliyo juu ya mstari huo yanasema wazi kwamba atan2 katika baadhi ya mifumo haina usahihi wa kutosha. Ukikuta namba ndogo kama hiyo imefutwa kwa jina la usafi wa msimbo, usiidhinishe.

Lakini je, kipande kimoja cha ziada kina madhara gani, ikiwa umbo ni lilelile? Hapa tunafika kwenye yale ambayo njia hubeba zaidi ya umbo. SVG inaruhusu alama, kwa mfano mshale au kitone, kuwekwa kwenye kila kiungo cha katikati ya njia. Tao moja la nusu duara halina kiungo katikati. Likisanifishwa kuwa mikunjo miwili, linacho, na mshale unachipuka mahali ambapo mchoraji hakuuweka. Njia iliyosanifishwa ifae kujaza rangi na kupima. Alama zisomwe kutoka njia ya awali.

Kufunga ni mfano mwingine. Kwa anayejaza rangi, Z na mstari wa L unaorudi mwanzoni ni kitu kimoja. Kwa anayechora mstari mnene, sivyo: Z inaunda kona iliyoungwa, L inaacha ncha mbili zilizolala pamoja, na kwenye pembe kali unaona pengo la pembetatu. Mtu akisema "nimeondoa Z, zilikuwa za ziada", mwombe akuoneshe pembetatu yenye mstari wa unene wa vizio 20.

Na kuna nukta. Kipande chenye urefu sifuri, kama M 12 16 h 0, hakijazi chochote, lakini kikichorwa kwa mstari wenye ncha za mviringo kinatoa kitone, na SVG inadai hivyo. Seti ya aikoni ya Feather huchora kitone cha alama ya mshangao kwa mstari kutoka 12 hadi 12.01, urefu ambao si sifuri lakini unakaribia. Fikiria mabadiliko mawili yaliyokuja wiki tofauti, yote ya busara: moja linakata desimali zibaki moja, jingine linaondoa vipande vya urefu sifuri ili kuokoa kumbukumbu. La kwanza linaifanya 12.01 kuwa 12. La pili linakifuta kitone. Kila moja likihakikiwa peke yake halina hatia. Kwa hiyo kila ninapoona sharti la "kama urefu ni sifuri, ruka", nauliza nani mwingine anakata desimali kwenye mnyororo huo.

Desimali zenyewe zinastahili maneno machache. Kubadilisha viwianishi vya herufi ndogo kuwa kamili ni kujumlisha, na kila jumla inabeba mabaki ya iliyotangulia. Namba za desimali za biti 32 (float) zinashika namba nzima bila kosa hadi 16,777,216. Juu ya hapo zinaruka mbili mbili. Linaonekana jambo la mbali, mpaka mtu alete ramani: viwianishi vya makadirio ya Mercator ya wavuti hufika mita milioni 20 kila upande, na hapo namba za biti 32 haziwezi kutofautisha mita moja na inayofuata. Jumla zibebwe kwa biti 64, na kukata desimali kufanyike wakati wa kutoa tu, kamwe kisikatwe kile kinachobebwa kwenda amri inayofuata.

Majaribio ya kudai ni yale yasiyotegemea macho. Njia iliyokwisha kusanifishwa, ikisanifishwa tena, itoke vilevile bila kubadilika hata tarakimu. Njia moja iliyoandikwa kwa herufi kubwa na kwa ndogo itoe matokeo yanayolingana. Nukta zilizochukuliwa juu ya tao lililosanifishwa zipimwe umbali wake kutoka kitovu. Na mtu asishangae mipaka ya mchoro ikibadilika mahali ambapo maktaba huikadiria kwa nukta elekezi badala ya mkunjo wenyewe: katika wimbi letu Q ilikuwa na nukta kwenye 20, C zina nukta kwenye 33.33, na mkunjo wenyewe unaishia 40. Mipaka imesogea, mchoro haukusogea.

Picha za kulinganisha, zile ambazo majaribio hulinganisha nazo mchoro mpya, zina kazi yake, ila zina udhaifu mmoja unaomhusu mhakiki moja kwa moja. Mabadiliko ya idadi ya vipande vya tao hubadilisha kivuli cha pikseli chache katika mamia ya picha kwa mpigo. Mwandishi anazibadilisha zote kwa amri moja, mhakiki anafungua tatu za mwanzo, anaona ni kivuli tu, anaidhinisha. Ikiwa ndani ya ombi hilo hilo kuna badiliko la nukta elekezi ya T, lile wimbi lililochoka limo humo katikati ya picha mia, na kuanzia siku hiyo ndilo jibu sahihi ambalo majaribio yatalilinda. Mwombe aligawe ombi mara mbili: moja la fomula, ambalo picha zinaruhusiwa kubadilika, na moja la kumbukumbu ya amri, ambalo picha ya njia iliyokuwa ikichorwa sawasawa haina ruhusa ya kubadilika, na kila itakayobadilika aieleze kwa jina.